Daftari la Maneno ya Siri

Mkurugenzi wetu alirudi shule akikaribia miaka hamsini. Wenye maduka mtaani kwetu Kariakoo walimcheka waziwazi. "Mama, unasomea ubibi?" muuza vipuri wa jirani alimtania, naye akacheka nao, akapanda gari akaenda darasani. Alisomea usalama wa kompyuta na sera zake, jioni, na vijana wa rika la wanawe. Watu walidhani anatafuta sifa. Mimi najua kilichompeleka, maana barua ya maombi niliichapa mimi.

Zamani alikuwa mhandisi wa simu katika shirika la umma. Mashirika yalipoanza kuuzwa akapunguzwa kazi, akachukua kiinua mgongo akaanzisha kampuni ya intaneti, ikafika matawi matatu. Mimi nilikaa kaunta ya Kariakoo. Nilikuwa na sifuri yangu ya kidato cha nne na cheti cha kupiga taipu, na nilijiona nimefika. Nilicheka na kila mteja, nikiota siku nitakayokalia kiti kama cha mkurugenzi, kile cha kuzunguka.

Wateja wengi walikuwa wafanyabiashara wasiojua kompyuta wala kutaka kuijua. Walitaka barua pepe zao tu. Mtu anapita asubuhi anawahi dukani: "Binti, nifungulie uniprintie, nitapitia saa sita." Neno lake la siri ananitajia kwa sauti mbele ya foleni, kama anaagiza chai. Nikawa nasahau. Basi nikanunua kauntabuku, nikapiga mistari kwa rula: majina kushoto, maneno ya siri kulia. Mkurugenzi alipolikuta alinisifu. "Huyu binti ana akili ya kazi," akasema, akaagiza matawi mengine nayo yafanye vivyo hivyo.

Ukurasa wa nne alikuwemo mama mmoja muuza vitenge. Kaka yake aliishi Ulaya na alikuwa akimtumia dawa za kupunguza makali ya ule ugonjwa, ambazo siku zile mtu wa kawaida huku kwetu hakuzipata. Barua zao nilizisoma kabla yake, sikuwa na jinsi. Nikishaprinti nakunja mara nne, nampa bila kumtazama usoni. "Mungu akuweke, mwanangu," ananiambia.

Halafu siku moja barua ya kaka ikaonekana mtaani, imeprintiwa, inapita mkono kwa mkono. Wateja wa vitenge wakahamia duka la pili. Mama lishe akamtengea yule mama kikombe chake peke yake, akakitia alama ya rangi ya kucha. Wiki ya tatu duka likafungwa. Hakuja hata kunigombeza.

Mkurugenzi alikwenda polisi, nikamsindikiza.

"Kimeibiwa nini?" askari akauliza.

"Barua ya mteja wangu."

"Haipo tena?"

"Ipo. Ipo kwenye kompyuta."

Askari akalaza kalamu. "Sasa mama yangu, kitu kipo palepale kilipokuwa, wewe unasema kimeibiwa. Hapa niandike nini?"

Garini mkurugenzi hakuwasha injini. "Nimefunga minara ya simu nchi hii," akasema, "na sijui hata sheria gani imevunjwa. Wala kama ipo."

Miezi miwili baadaye akaniita nichape maombi ya chuo. Akasimama dirishani akinitajia maneno: "Andika, wahalifu wenye utaalamu mkubwa waliingia kwenye mitambo yetu kutokea nje..."

Vidole vikagoma. Siku moja, kabla barua ile haijasambaa, nilitoka kununua mihogo nikaacha daftari kaunta. Niliporudi lilikuwa limegeuzwa kuelekea upande wa wateja, limefunguka ukurasa wa nne. Nililifunga nikanyamaza. Wadogo zangu watatu walikula kwa kaunta ile.

"Mama, hawakutokea nje," nikasema, nikamweleza yote huku nalia.

Nilingoja anifukuze. Alilichukua daftari akalipekua taratibu. "Na mimi nikaagiza matawi yote," akasema. "Futa hiyo. Andika kwamba mlango hatukuvunjiwa, tuliuacha wazi wenyewe." Kisha akachukua funguo za gari. "Lakini wa kuambiwa kwanza sikuwa mimi. Twende."

Tulimkuta mama wa vitenge Ilala, kwenye chumba cha mdogo wake, amekaa juu ya godoro. Alikuwa amekwisha, bega limetokeza kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikapiga magoti, nikamweleza habari ya daftari.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilijua ni kaka. Nilidhani kamwambia mkewe, mkewe kaisambaza huku. Nikaacha kumwandikia."

"Na dawa?" mkurugenzi akauliza.

"Utaombaje dawa kwa mtu uliyemsusa?" Halafu akanigeukia. "Mwanangu, miezi miwili ulikuwa wapi? Kutoka kaunta yako mpaka hapa ni mwendo wa miguu."

Nilibaki magotini hadi mkurugenzi aliponiinua.

Jumapili mkurugenzi alifungua ofisi kwa ajili yake peke yake. Nilimwonyesha pa kubadilisha neno la siri. "Geukeni," akatuambia, nasi tukageuka, mkurugenzi na mimi, tukautazama ukuta huku akitafuta herufi kwa kidole kimoja. Barua ya kaka aliiandika mwenyewe. Ilichukua karibu saa nzima.

Kaka alipiga simu kaunta baada ya wiki tatu. Dawa ameshazituma, akasema, na ameandika mara tatu, mbona dada hajibu? Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Ndugu waliomzika hawakuwa na namba yake, kwa hiyo ilinibidi nimwambie mimi.

Kaka akaniuliza, "Barua zangu alizisoma? Alijua kwamba sikumkasirikia?"

"Sijui, kaka. Neno la siri alikuwa nalo mwenyewe."

Akauliza kama hakuna namna yoyote ya kuangalia. Nikamtazama mkurugenzi, aliyekuwa pembeni na mkoba wake wa shule begani, kachelewa kipindi. Akatikisa kichwa. Nikamwambia hakuna.