Jina Lililozimiwa Maikrofoni

Mama yangu alikuwa soloisti wa kwaya, kwa hiyo watu wa kijiji chetu cha Masara walipoanza kusema binti yake anaimba matusi, aibu ilimfikia yeye kwanza. Hayakuwa matusi. Ilikuwa rap, kwa Kijaluo kilichochanganywa na Sheng. Mimi na binamu yangu tuliitunga tukiponda mawe ya dhahabu, yeye akipiga mdundo kwa nyundo, mimi nikipachika maneno. Miaka hiyo ya tisini kaseti za Wamarekani zilikuwa zimefika hadi Migori mjini, na vijana wengi waliiga Kiingereza wasichokielewa. Sisi tulitaka kueleweka.

Tukaeleweka mno. Shimo moja lilikuwa limeporomoka na kumfukia mchimbaji, baba wa watoto wadogo. Mwenye shimo alileta jeneza na gunia la sukari, kisha akahamisha kamba zake akaendelea kuchimba pale kando. Tukatunga juu ya hilo. Wimbo ulienea sokoni kabla hatujaumaliza. Chifu akaitisha baraza, akasema kelele hizo za wahuni zikome. Mchungaji akasema ni za shetani.

Asubuhi moja mjane wa yule mchimbaji alikuja kwetu. Nilidhani amekuja kulia.

"Nyathina, mwanangu, wimbo wenu una kasoro," aliniambia. "Mnaimba mtu mmoja, mtu mmoja. Mume wangu alikuwa na jina."

Tukaliweka jina.

Baadaye palikuwa na mashindano ya vijana katika ukumbi mmoja wa Homa Bay. Mjane alifuatana nasi, na mama akaja pia, bila kueleza kwa nini. Mwendeshaji, kijana aliyegeuza kofia nyuma mbele, aliuliza tutarap lugha gani. Nikamwambia Kijaluo.

"Hiyo ni ya matanga, dada. Hapa ni Kiingereza, ama Kiswahili. Na hakuna kutaja majina ya watu."

"Basi andika Kiingereza," binamu yangu alimjibu. "Utajua tukianza."

Tulipofika kwenye jina, mwendeshaji alizima maikrofoni. Sauti yangu ilibaki nyembamba, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Binamu yangu hakunyamaza. Alijipiga kifuani kwa kiganja ili mdundo usikatike. Ndipo jina likatoka nyuma ya ukumbi, na niliijua sauti ile. Mama alikuwa amesimama juu ya benchi. Mjane akamfuata, halafu watu nisiowajua. Tulimaliza wimbo bila umeme wa mtu.

Hatukupewa zawadi, na mwenye shimo hakuulizwa lolote. Jumapili mzee wa kanisa alimwita mama mbele, akamtaka aombe radhi kwa niaba yangu.

"Nionyesheni uongo uliomo kwenye ule wimbo," mama alisema, "niombe radhi kwa huo."

Mchungaji akafungua Biblia, akaanza mahubiri. Mama alivua joho la kwaya, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha mchungaji. Tulitoka kwa mlango mkubwa, polepole, mahubiri yakiendelea.

Mwaka uliofuata vijana wa Rangwe na Mbita walikuwa wakirap kwa Kijaluo, kuhusu samaki, walimu na wapenzi wao, bila kumwomba mtu ruhusa. Baadhi yao walikuwa wabovu kabisa, na wakathubutu kusema mdundo wetu ni wa kizee. Tuliwashangilia hivyo hivyo.