Dada Wawili Wasiozikana

Miaka mingi nimefundisha historia shule ya upili, na miaka yote hiyo nimewadanganya watoto wa watu. Nilikuwa naandika ubaoni kwamba Vita Vikuu vya Kwanza vilianza kwa sababu mrithi wa ufalme alipigwa risasi. Wakinakili, wakapata alama zao, tukaendelea. Mpaka likizo moja mwalimu mwenzangu akaniazima kitabu kinene kama tofali, kimeandikwa kwa watu wa kawaida, kuhusu chanzo cha mbali cha vita vile. Nikakisomea barazani kwetu Junda, Kisauni, huku nachambua mchele. Siku ya pili mchele nikauacha.

Kitabu chasema risasi ile ilikuwa jambo la mwisho, si la kwanza. Nyuma yake kulikuwa na miaka na miaka ya vinyongo: ardhi iliyonyang'anywa, manowari za huyu zilizomfanya yule aunde nyingi zaidi, na ahadi. Wallahi, ahadi ndizo zilizonitisha. Huyu kaahidi kwamba rafiki yake akiguswa atapigana, na anayemgusa naye kaahidiwa vivyo hivyo na mwingine. Wengi wao hata vita hawakuvitaka, ila kila mmoja aliamini mwenzake ndiye atakayeogopa kwanza.

Nikainua macho nikaitazama nyumba ya mama mkubwa, hatua kumi tu kutoka nilipokaa.

Mama mkubwa ni dadake mama yangu, tumbo moja. Babu alipokufa aliwaachia ua mmoja: mkubwa akapata nyumba ya mbele, mama yangu ya nyuma, na sisi wa nyuma hatuna njia ila tupite mlangoni kwake. Basi. Mwanzo ikawa maji ya kufulia yaliyomtiririkia barazani. Kisha kamba ya nguo ikakatwa. Kisha mwasumini wa mama ukang'olewa na mizizi yake, na mpaka leo hajatokea aliyekiri. Kila jambo likasamehewa kwa mdomo, moyoni likawekwa. Watoto tukakua, tukawa majeshi. Kaka zangu wawili waliapa kwamba mama akitukanwa hawatamstahi mtu, na wana wa mama mkubwa wakaapa vivyo hivyo. Na Ijumaa wote hao walisimama safu moja msikitini!

Nilimwambia kakangu mkubwa niliyoyasoma. Akacheka.

"Dada, hayo ni ya Wazungu. Sisi ni ndugu."

"Na wale wafalme walikuwa binamu," nikamwambia.

Akaniambia niache vitabu nimpe chai. Hata jirani, nilipomwomba aje asuluhishe, alinijibu kwamba ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Nikarudi kwenye kitabu changu. Nilikuwa najiona mwerevu, nina macho peke yangu.

Mwaka huohuo nikamwoza binti yangu. Kwetu harusi haialikwi kwa kadi wala kwa simu. Hutumwa wanawake wawili, wamevaa mabuibui safi, wananukia udi, wapite mlango kwa mlango watamke kwa ndimi zao: mwaalikwa kwa fulani. Asiyeambiwa kwa mdomo hakualikwa, hata kama sufuria za pilau zapikwa dirishani kwake. Niliwatuma waanzie mbali, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, wamalizie nyumbani. Walirudi miguu imevimba, wakaniuliza, "Na mama mkubwa?" Nikasema, "Ah, huyo ni wa hapa hapa. Nani humwalika mwenye nyumba?"

Lahaula! Mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya harusi mama mkubwa alifunga mlango wa ua akatia kufuli. "Kisauni nzima imealikwa," alisema kwa ndani, "ila mimi. Basi wapite angani." Wageni wakasimama juani na vyetezo vyao vya udi, na binti yangu katikati yao, katoka kupambwa. Wanawe wakasimama upande wao wa mlango, kaka zangu upande wetu, na wallahi kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aogope kwanza. Kufuli likavunjwa kwa nondo. Mpwa wangu mmoja akapasuliwa kichwa. Na mama yangu, mwanamke ambaye sikupata kumsikia akipaza sauti, akashika msahafu mbele ya wageni wa binti yangu akaapa: "Nikifa, dadangu asiuone uso wangu. Hatuzikani."

Kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Watu hunyimana salamu, hususiana harusi, lakini kuzikana huzikana. Mkishafika hapo, hapana tena pa kufika.

Mwaka wa pili mama akaugua, nami nikawa namuuguza. Nilijua kiapo kina kafara yake, ulishe maskini kumi uwe huru. Nilimwambia, mama, nitapika mimi, wewe sema ndiyo tu. Akageukia ukutani. Nikamwambia tena, na tena. Asubuhi moja, nikimpangusa uso, akasema mwenyewe, waziwazi, "Niitie dadangu."

Nikajibu, "Haya, mama."

Nikaendelea kumpangusa. Nataka niseme kweli hapa, maana mahali pengine sijaisema: nilikuwa na hasira. Nilikumbuka binti yangu kasimama juani na hina yake, ametokwa na machozi. Nikasema moyoni, hatua kumi, kama ana huruma mbona haji mwenyewe? Aje jioni. Jioni nitamwita. Adhuhuri ikaadhiniwa mama ameshakata roho.

Mama alipokwisha oshwa, mama mkubwa akaja. Miguu mitupu, leso kaifunga ovyo, analia kama mtoto. Kakangu akamzuia mlangoni.

"Aliapa," akasema. "Hatuvunji kiapo cha maiti."

Mama mkubwa akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Wewe ndiye uliyemuuguza. Nambie kweli, mwanangu. Aliniulizia?"

Kaka zangu wakageuka kunitazama. Ningesema ndiyo, angeingia, akambusu dadake. Lakini kisha wangeniuliza, basi kwa nini hukumwita?

"Hakukuulizia, mama," nikasema.

Akarudi kwake, jeneza likatoka bila yeye. Yu hai bado. Kila asubuhi namsikia akikohoa anapofagia baraza, na kila asubuhi najiambia leo nitakwenda nimwambie. Leo pia sikwenda.