Mama Ursule na Barua ya Mwalimu

Mama Ursule wa mtaa wa Mangobo hakuwadharau watu wengi, lakini aliowadharau aliwadharau barabara, na wa kwanza wao alikuwa mwalimu Évariste. Debe tupu haliachi kuvuma, alikuwa akisema: miaka ishirini ya fimbo, na bado anavimba kichwa!

Yeye mwenyewe aliuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni mpaka mgongo ukamgomea. Ndipo akanunua televisheni, mashine ya michezo na paneli ya jua, akafungua chumba cha kuchezea mbele ya nyumba yake. Mchezo uliopendwa ulikuwa wa msafiri anayemtafuta ndugu yake mji kwa mji, na maelezo yote yalikuwa maandishi ya Kifaransa. Watoto waliyaruka, wakapotea njia, wakamlilia kwamba mashine imekufa. Mama Ursule hapendi kelele. Akaweka sheria: mwenye kushika manette, kidude cha kuchezea, asome kwa sauti, kisha awaelezee wenzake kwa Kiswahili, na atakayeruka mstari atoke nje. Kufundisha hakukuwa nia yake hata kidogo. Alitaka utulivu tu.

Siku moja Évariste akaja na Papa Urbain, chifu wa mtaa, mkononi ana barua ya Kifaransa ya kukifunga chumba. Ilibaki sahihi ya chifu tu, na Mama Ursule angerudi kwenye makayabu na mgongo wake ule ule.

"Papa chef, hapa iko fabrique, kiwanda ya bajinga," alisema mwalimu. "Angalia huyu Jemima. Miaka mbili iko mu classe yangu, hata mustari moja hajue kusoma. Bon, umupe barua asome, utajionea."

Mama Ursule aliogopa, maana barua si mchezo.

Jemima aliweka manette chini, akafuta mikono kwenye sketi, akaipokea. Alianza polepole, akajikwaa mara mbili, akarudi nyuma, akaendelea. Alisoma mpaka pale palipoandikwa kwamba watoto wa chumba hicho hawawezi kusoma hata sentensi moja. Kisha, bila kuambiwa, akawageukia wenzake na kuwaelezea yote kwa Kiswahili, kama walivyozoea. Mabenchi yaliangua kicheko.

Papa Urbain hakucheka. "Maître, ulimufundisha miaka ngapi?"

"Mbili."

"Na wewe, Mama Ursule?"

"Miye sikumufundisha, Papa chef. Anakuyaka hapa kucheza tu. Miezi ine."

Chifu aliirudisha barua bila sahihi, akaaga.

Mama Ursule alikuwa na matusi tele ulimini, akayameza. Jemima alikuwa bado amesimama, macho kwa mwalimu wake, akingoja neno moja tu: vizuri. Évariste alikunja barua, akampita kana kwamba anapita kiti, akatoka.

Hapo ndipo Mama Ursule alipotema mate mlangoni, akamwita Jemima akae karibu naye.