Mvua ya Kitale katika Kitabu cha Tongaren

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, hata nikitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa stoo katika shule moja hapa Tongaren, na kazi yangu ya pili ilikuwa kupima mvua. Ukitaka kucheka kwamba hiyo si kazi, cheka tu. Hata mimi nilicheka nilipokabidhiwa. Uani palikuwa na mkebe wa shaba uliofukiwa nusu ardhini na kuzungushiwa waya ili mbuzi wasiuguse. Kila asubuhi saa tatu unamimina maji yaliyomo kwenye chupa yenye mistari, unasoma milimita, unaandika kitabuni. Kama hakuna tone, unaandika sufuri.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nilizaliwa Kitale, karibu na msikiti, baba yangu fundi cherehani, na kupelekwa Tongaren nilikuona kama kutupwa. Kila Ijumaa mchana nilipanda gari kwenda kula pilau ya mama, nikarudi Jumatatu. Jumatatu nilikuta maji ya siku tatu yamechanganyika mkebeni, nami nikayagawanya kwa akili yangu: haya ya Jumamosi, haya ya Jumapili. Hakuna aliyeniuliza. Mazoea hujenga tabia, na yangu ilikuwa imeshapauliwa na kuezekwa.

Kisha mwezi wa Juni dada yangu akaolewa. Niliomba ruhusa ya wiki tatu nikapewa. Mwalimu mkuu aliponiuliza nani atapima mvua, nikasema nimeshapanga na mtu. Sikuwa nimepanga na yeyote. Kitale mvua ilinyesha karibu kila jioni mpaka tukawa tunawahamisha wageni na viti vyao. Niliporudi Tongaren nilikuta mkebe mkavu na kitabu kina wiki tatu nyeupe, na ile nyeupe ilinitisha kuliko uongo. Nikakaa stoo, nikakumbuka jioni za harusi moja moja, nikaandika mvua ya Kitale katika kitabu cha Tongaren. Nilijiambia mvua ni mvua.

Mkulima yeyote wa huku angenicheka. Mvua inaweza kulowesha mahindi ya jirani na kuyaacha yako yakikukodolea macho. Lakini mimi sikuwa na shamba, na mtu asiye na shamba huona mawingu yote ni mamoja.

Miaka miwili ikapita. Ofisa mmoja wa maji akaja kuitisha baraza pale shuleni. Palikuwa na mipango miwili. Mmoja ulikuwa kuchimba bwawa kubwa kwenye bonde chini ya shule, litunze maji ya watu na mifugo mvua ikikatika. Wa pili ulikuwa kujenga tangi dogo tu, na bwawa lipelekwe mahali penye shida zaidi. Akina mama walikuwa wamejaa mbele, maana wao ndio waliokuwa wakiteremka mtoni kila kiangazi na kupanda tena na mtungi kichwani. Ofisa akaomba kitabu cha mvua. Nikamletea mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa adabu.

Akasoma mwezi baada ya mwezi. Alipofika Juni ya mwaka juzi, akasema, "Hapa mvua imenyesha mfululizo. Huku hamna shida sana. Tangi litatosha."

Akasimama Kukhu Nekesa. Kukhu maana yake nyanya, na alikuwa nyanya wa kila mtu pale. Boma lake lilipakana na ua wa shule. "Hapana," akasema. "Hiyo Juni mimi nilikuwa nakandika nyumba. Udongo ilipasuka kwa jua. Nilienda mto mara nne kwa siku kutafuta maji ya kukandia. Miguu yangu inajua."

Kijana mmoja akacheka. "Kukhu, si hiyo ilikuwa mwaka ingine bana? Unachanganya."

"Mama," ofisa akasema kwa upole, "kichwa cha mtu husahau. Kitabu hakisahau."

Watu wakacheka kidogo. Kukhu hakuketi. Akanigeukia mimi. "Zainabu, mtoto wangu, si wewe ndiye ulikuwa unapima? Ati ulipima hizo siku?"

Nikasema, "Nilipima."

Mwanangu, nimesema maneno mengi maishani, mengine ya kipuuzi, mengine ya hasira. Hilo moja ndilo ningelirudisha kama maneno yangerudi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Yule mama alinitazama, halafu akatikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeanza kujishuku. "Basi miguu yangu imezeeka," akasema, akaketi. Ofisa akatoa kalamu aandike habari ya tangi.

Niliwaona akina mama wenzake wakimsogelea, mmoja akimshika mkono. Nilijua nikinyamaza nitabaki na kazi yangu, na wao watabaki na mto wao. Sijui nilisimama vipi. Nikasema, "Kukhu anasema kweli. Mimi sikuwa hapa. Nilikuwa harusini Kitale. Niliandika mvua ya huko."

Kelele ikalipuka, na nikatukanwa kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, na yote niliyastahili. Nikalia. Aliyewanyamazisha ni Kukhu Nekesa, akigonga sakafu kwa fimbo yake.

"Nani angekukataza harusi?" akaniuliza. "Hata mimi napenda harusi. Si ungenipigia tu kelele hapo kwa waya, 'Kukhu, niangalilie mkebe'? Sijui kusoma, lakini macho iko. Ningetumbukiza kijiti, nikate alama mahali maji imefika, nikuwekee. Wewe uliona aibu ya kuomba, ukaona afadhali kudanganya. Sasa angalia, aibu yako karibu ituchoteshe maji ya mto miaka yote."

Ofisa hakunifokea. Alichukua kalamu ileile, akapiga mstari juu ya zile wiki tatu, akanipa niweke sahihi yangu kando. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliketi na wale watu mpaka adhuhuri, akiuliza habari za Juni ile. Nani alipanda lini? Nani alizika, nani alikandika, nani alianika maharagwe? Akayaandika yote, akasema baraza litakaa tena baada ya msimu mmoja wa kupima vizuri. Msimu huo nilipima na Kukhu amesimama kando yangu kila asubuhi, akinigombeza nikichelewa hata dakika mbili. Msimu ulipokwisha bwawa likachimbwa, kubwa, mahali palepale bondeni, na hadi leo lina maji Januari.

Sasa nasikia wewe umepewa mkebe wa kwenu, na ndiyo maana nimekuketisha hapa. Zamani tulijua Machi ni ya kupanda. Siku hizi mvua huchelewa, halafu huja siku mbili kama imetumwa kubomoa, halafu hupotea mahindi yakiwa kiunoni. Watu wa Kachibora juu, wa Moi's Bridge, na sisi wa Tongaren chini, tumeanza kuketi pamoja kupanga maji ya mto mmoja, jambo ambalo enzi zetu lilikuwa ndoto. Nafurahi sana kuliona. Lakini wanapanga kwa kutumia namba tunazowapelekea wewe na mimi na wengine kama sisi. Mvua ikibadilika, tunaweza kujipanga nayo. Tukidanganyana juu yake, hatuna pa kushika.

Kwa hiyo shika haya. Pima saa yake. Usiandike ya kwa jirani ukasema ni ya kwako. Siku ambayo hukupima, acha nafasi wazi, usiijaze kwa hofu. Nafasi wazi inasema kweli, inasema mtu hakuwepo. Ukitaka kusafiri, omba mtu akushikie, hata kama hajui kusoma. Na mzee akisema miguu yake inakumbuka, usicheke na wanaocheka, fungua kitabu uangalie tena. Ukikosea, na utakosea, sema mapema kabla kalamu ya mwingine haijaandika juu ya kosa lako. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wengine huteseka kabla haijafika mwisho.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kilichomo mkebeni na moyo wa kukisema kilivyo. Mvua ikukute umejiandaa, kiangazi kikukute una akiba. Na wale walio chini yako mtoni, usiowajua na watakaozaliwa baada yako, wanywe na wakushukuru bila hata kujua jina lako. Amina.