Mate Yangu Mbele ya Mkwe

Jamani, mkinicheka nichekeni taratibu, aibu hii bado mbichi. Mimi kazi yangu iko maabara moja huku Zegereni, Kibaha, napima asidi za sialiki, yaani visukari fulani vilivyomo kwenye mate, maziwa na damu, tunavipitisha kwenye mashine inayovitenganisha na kuvichora kama vilima kwenye skrini. Ramadhani iliyopita nikalala ukweni Masaki, Kisarawe (ukweni mtarajiwa, posa ilikuwa haijajibiwa), daku tukala muhogo wa nazi na Mzee Shomari, kulipokucha akasema anataka kuiona hiyo kazi itakayomlisha binti yake, basi nikampakia kwenye pikipiki.

Tulipofika nikamkalisha mapokezi, nikamwambia naenda kujaza tairi upepo, kumbe huyo kwa mama lishe, nyuma ya pazia, bakuli zima la supu ya mbuzi. Nikasukutua, nikarudi na uso wa mfungaji.

Ningenyamaza yangeishia hapo, lakini sifa, ndugu zangu! Bosi wangu, dada Rehema, alitaka kumwonyesha mzee tunavyotofautisha asidi ya mtu na ya mnyama, akauliza nani atatoa mate.

"Chukua yangu," nikadakia, "mdomo huu haujagusa kitu tangu daku."

Mzee akatabasamu. Mate yakachemshwa, yakatiwa dawa ya kuvifanya visukari ving'ae, yakaingia mashineni, na alasiri vilima vikatokea viwili.

"Hiki kikubwa ni cha binadamu," Rehema akaeleza. "Hiki kidogo miili yetu haikitengenezi, ni cha mbuzi au ng'ombe." Akaniona navyotoka jasho, akajaribu kuniokoa: "Labda nyama ya daku, baba."

"Daku kala kwangu," mzee akasema. "Muhogo."

Nikasingizia mashine ni chafu. Rehema (mtu wa kazi huyo!) akaiosha, akarudia kipimo, kilima kikasimama palepale. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Magharibi zikaletwa tende. Mzee akaniruka, akampa mlinzi.

"Mwenzetu ameshafuturu," akasema.

Posa imejibiwa juzi: kazi yangu ameikubali, ila bwana harusi apimwe tena Ramadhani ijayo, yeye mwenyewe akiwepo. Nimeapa, siku hizi nafunga hata sunna za Jumatatu na Alhamisi, na mate yangu nameza mwenyewe.