Rangi Mgongoni mwa Majike

Shemeji yangu alikuwa na ugonjwa wa kusifia damu. Ukimtembelea, hata maji hujapewa, ameshakushika mkono kukupeleka bandani ukaone migongo ya kondoo wake ilivyonyooka. Wafugaji wenzake walimpa jina la Mbegu Safi, naye alilipenda, asijue kwamba nusu yao walikuwa wakimcheka. Kondoo wake walikuwa wa ukoo mmoja uliofungwa kabisa. Dume akizaliwa na doa jeusi, hata la ukubwa wa punje ya mahindi, anahasiwa. Taya likipinda kidogo, anahasiwa. Jike asiyezaa anaitiwa mchinjaji.

Kazi yenyewe aliifanya dada yangu. Nalisema hili kwa hasira na sitaki mtu anitulize. Ni dada aliyewaogesha kondoo kwa sabuni na kuwakausha kwa mataulo makuukuu. Ni yeye aliyekata sufu kwa mkasi, kidogo kidogo, mpaka mgongo wa dume ukawa sawa kama meza. Siku ya maonyesho shemeji huvaa koti jeupe, akashika kamba, akamzungusha dume mbele ya jaji. Dada husimama nje ya uzio na ndoo na kitambaa, asubiri dume akijichafua nyuma akamfute. Makombe yamejaa kabatini pale sebuleni, na hakuna hata moja lenye jina lake.

Na majike walikuwa wake! Kundi zima lilitokana na kondoo jike ambaye baba yetu alimpa alipoolewa. Baba hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Dada aliwajua wote kwa sauti, mama, binti na mjukuu, na alipokuwa na huzuni alikwenda kukaa nao.

Huzuni haikukosekana, maana hawakujaliwa mtoto. Mama mkwe wake alimwita tasa mbele ya wageni, sahani zikiwa bado mezani, na shemeji aliinamisha kichwa akaendelea kula. Dada alizunguka hospitali, akapimwa kila kinachopimika, akaambiwa hana kasoro. Akamwomba mumewe naye akapimwe.

"Mimi? Mwanamume mzima nikapimwe nini?"

Yakaishia hapo. Mama mkwe alifariki akiwa bado na neno lile mdomoni, na dada ndiye aliyemuuguza.

Kisha akazaliwa Mheshimiwa. Sina ubishi, alikuwa dume mzuri: kifua kipana, miguu imara, sufu nzito ukitia vidole huoni ngozi. Shemeji alilia machozi. Dume mzee, baba yake Mheshimiwa, akauzwa kwa mchinjaji hata mwaka haujaisha.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema shemeji.

"Hawa ni kondoo, bwana, si ng'ombe," dada akamjibu. "Na huyu bado hajapanda hata jike mmoja. Tungoje tuone."

Hakungoja. Alikuwa akiliota kombe kubwa la maonyesho tangu ujana wake. Mheshimiwa akafungiwa peke yake asikonde kwa kuhangaika na majike. Akalishwa nafaka mpaka akawa anahema akitembea. Kiangazi chote, jua likiwaka, hakunyolewa, na juu ya sufu ile akavishwa blanketi asichafuke. Dada alimwambia mumewe kwamba dume anapikika. Akaambiwa anyamaze, mambo ya maonyesho hayajui.

Mheshimiwa akalichukua kombe. Jaji alimshika korodani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye dume kamili. Watu wakapanga foleni kuagiza watoto wake.

Wakati wa kupandisha ukafika. Dume hupakwa kifuani rangi iliyochanganywa na mafuta, ili kila jike anayepandwa abaki na alama mgongoni. Zikipita wiki mbili na nusu hivi, rangi inabadilishwa. Jike aliyeshika mimba harudi tena kwa dume, na alama yake hubaki ileile. Walianza na nyekundu. Majike wote wakawa wekundu. Wakabadilisha, wakatia bluu, na majike wote wakawa bluu juu ya nyekundu. Wakaweka kijani. Ukitazama malishoni ungedhani kuna harusi, kumbe ni msiba. Hakuna hata mmoja aliyeshika.

Daktari wa mifugo akaja, akampima Mheshimiwa. Akasema unene na joto vimeua mbegu, huenda zikarudi, huenda zisirudi. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza getini kwa adabu zote. Aliporudi akasema, "Tatizo ni majike. Wamezeeka tumbo. Nitamwita mchinjaji."

Maneno yale dada aliyajua, alikuwa ameyasikia mezani kwa mkwewe miaka na miaka.

"Majike ni wa baba yangu," akamwambia. "Akiguswa mmoja kabla msimu haujaisha, na mimi naondoka."

Shemeji hakuwa amezoea kujibiwa hivyo. Akakubali wangoje. Wiki iliyofuata akasafiri kwenda kwenye mkutano wa wafugaji, kuwafundisha wenzake umuhimu wa damu safi. Dada hakupoteza muda. Alikwenda kwa jirani yetu mjane, mwenye dume la mchanganyiko, uso madoadoa, masikio yamelala, mgongo umebonyea.

"Mchukue," mjane akamwambia, huku akicheka. "Lakini Mbegu Safi akijua, utanikuta nimehama."

Shemeji aliporudi, dume lilikuwa limesharudishwa kwao. Matumbo yalipoanza kukua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaona. Akaruka kama mtoto. "Si nilisema! Mheshimiwa huyo! Daktari gani yule!" Akawapigia simu wafugaji wote, akawaambia wajiandae. Nilimuuliza dada kwa nini hamwambii mumewe. Akanijibu, "Nataka aone kwa macho yake kwamba majike hawakuwa na kasoro. Nikisema mimi, hatanisikia."

Siku jike wa kwanza alipozaa nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka. Akatoka mwanakondoo, uso madoadoa, masikio yamelala. Akafuata pacha wake, vilevile. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na simu mkononi, tayari kupiga picha. Aliishusha polepole.

"Dume la nani?"

"La mjane," dada akasema, akimfuta mwanakondoo kwa gunia. "Majike wako salama. Ni dume wako ndiye mbovu. Na sasa nataka uniambie la kwetu. Mimi nilipimwa. Wewe ulikataa."

Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alikaa juu ya debe la pumba, akatazama chini.

"Sikukataa," akasema. "Nilipimwa, hata kabla mama hajaanza maneno yake. Daktari alisema sina uwezo."

"Ulijua?"

"Ningesemaje? Watu wananiita Mbegu Safi."

"Mama yako amekufa akiniita tasa. Nilimwosha kwa mikono hii, na wewe umesimama pale, unajua!"

"Ameshakufa. Ya nini kuyafukua?"

Dada alimalizia kumfuta yule mdogo, akamsogeza kwenye chuchu, akahakikisha ananyonya. Kisha akaingia ndani kufungasha. Majike tuliwaswaga hadi kwangu siku hiyohiyo, wengine wakiwa bado na rangi tatu mgongoni, watoto tumewabeba kifuani. Shemeji hakutufuata.

Sasa huku nje wanasema mwanamke mtu mzima kamwacha mume wake kwa sababu ya kondoo. Wanasema tasa hana shukrani, mwingine angeshafukuzwa zamani. Wanayasema mpaka kisimani, na dada huyasikia. Nilimwambia awaeleze ukweli, wamwone yule bwana alivyo. Akatikisa kichwa. "Ataaibika," akasema, na akachukua ndoo yake kwenda kuwanywesha kondoo.

Yeye hasemi. Basi nimesema mimi.