Tai za Wapiga Jazi

Harufu ya rangi za maji za mwanangu hunirudisha kwenye nyumba yetu ya kampuni ya madini kule Shituru. Ukutani palikuwa na picha iliyochapwa ya wapiga jazi jukwaani, wote wamevaa tai. Serikali ilikuwa imepiga marufuku tai kama vazi la kikoloni, na vijana wa chama tawala walikuwa wakikagua nyumba za mtaa wetu.

"Papa, bakiona ile tai batakubeba," mama alimwambia baba, akihofia wangemkamata.

"Ni picha tu."

"Jirani balimubeba juu ya tai tu."

Baba alichukua brashi na rangi zangu za maji za shule, akageuza kila tai kuwa kola ya abakosi, koti lisilovaliwa tai ambalo serikali ililiagiza. Vijana waliitazama, wakaondoka. Kisha baba akajaribu kuifuta ile rangi kwa kitambaa chenye maji, ili tai zionekane tena. Karatasi ilichanika shingoni mwa mpiga tarumbeta, naye akabaki ukutani hivyo, bado anapuliza.